Singe na Sheria za Vita: Uchunguzi wa Kisemantiki wa Dhana ya "Madhara Yaliyozidi Haja"

IKISIRI

Makala haya yanachunguza dai linalosikika mara kwa mara kwamba baadhi ya maumbo ya singe, hasa singe ya pembetatu na singe yenye meno ya msumeno, yamepigwa marufuku na sheria za vita. Inaonyeshwa kwamba hakuna mkataba wowote wa kimataifa unaotaja umbo la singe, na kwamba swali lote linategemea maana ya kirai kimoja cha Kifaransa kilichoingia katika maandishi ya sheria hizo tangu mwaka 1874. Kirai hicho kinalinganishwa na visawe vyake vya Kiingereza na Kiarabu, kisha inajadiliwa namna kinavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kupunguza wala kuzidisha kile ambacho sheria inakataza.

1.0 Utangulizi

Watu wengi ambao hawajapata kusoma mkataba wowote wa sheria za vita wanaamini kwamba singe ya pembetatu "ilikatazwa Geneva". Sababu inayotolewa ni kwamba jeraha lake halishoneki, na kwa hiyo aliyechomwa hufa kifo cha polepole. Dai hili husemwa kwa uhakika mkubwa, lakini anayeuliza limeandikwa katika ibara ipi hapewi jibu. Dai la pili, lenye nguvu zaidi, huhusu singe zenye meno ya msumeno mgongoni, ambazo zilizua chuki kubwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kwa mtazamo wa kwanza, suala hili linaonekana kuwa la wanasheria na wanahistoria wa silaha. Hata hivyo, likichunguzwa kwa makini, linageuka kuwa suala la lugha. Sheria inayohusika haitaji singe, haitaji pembetatu, wala haitaji msumeno. Inakataza silaha kwa kutaja athari zake, na inazitaja athari hizo kwa maneno machache ambayo yamebadilika kutoka lugha hadi lugha na kutoka tafsiri hadi tafsiri. Anayetaka kujua kama singe fulani imekatazwa hana budi kwanza kujua maneno hayo yanasema nini.

Umuhimu wa jambo hili kwa Kiswahili ni wa moja kwa moja. Ibara ya 83 ya Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa katika Mikataba ya Geneva ya 1949, inazitaka nchi wanachama kueneza maarifa ya sheria hizo miongoni mwa majeshi na raia. Ibara ya 84 inazitaka zipelekeane tafsiri rasmi. Tanzania ilijiunga na Itifaki hiyo mwaka 1983 na Kenya mwaka 1999. Katika jeshi la Tanzania amri hutolewa kwa Kiswahili, na askari hufundishwa kwa Kiswahili. Aidha, sheria za vita ni miongoni mwa sheria chache ambazo mtekelezaji wake wa kwanza si hakimu mahakamani bali ni askari mwenye silaha mkononi, ambaye hana muda wa kufungua kitabu. Neno atakalofundishwa ndilo atakalokwenda nalo vitani.

2.0 Singe: Maumbo na Majina

Neno "singe" linaoana na neno "sangin" la Kihindi na Kiurdu, na limezoeleka katika Kiswahili kwa maana ya chuma kinachochomekwa kwenye mdomo wa mtutu wa bunduki ili bunduki itumike kama mkuki. Maelezo haya ya kikamusi yanataja kazi ya kifaa na mahali kinapokaa. Hayataji umbo. Jambo hili ni la msingi, kwa kuwa vifaa vinavyoitwa kwa jina hilo moja vinatofautiana sana.

Singe za awali za Ulaya zilikuwa na mpini uliotumbukizwa ndani ya mtutu wenyewe, na askari akishaichomeka hakuweza tena kufyatua. Mwishoni mwa karne ya 17 ilienea singe yenye pete inayovikwa nje ya mtutu, na kwa hiyo bunduki iliweza kupigwa huku singe ikiwa mahali pake. Ni katika aina hii ndipo umbo la pembetatu lilipozoeleka, likatumika katika majeshi ya Ulaya na Marekani kwa muda wote wa karne ya 18 na sehemu kubwa ya karne ya 19. Chuma chake hakikuwa na makali ya kukatia. Kilikuwa na ncha ya kuchomea na pande tatu, aghalabu zilizobonyezwa kuwa mifereji.

Sababu ya umbo hilo ni ya kiufundi. Chuma chembamba chenye pande tatu hakipindi kwa urahisi kama bapa lenye uzito uleule. Mhunzi alipata ugumu aliouhitaji kwa kutumia chuma kidogo, na askari akapata bunduki isiyolemea mbele. Mifereji iliyopo katika singe na visu vingi ina kazi hiyohiyo ya kupunguza uzito bila kupunguza ugumu. Imani ya watu imeipa jina la "mifereji ya damu", na jina hilo limezaa maelezo ya uongo kwamba imechongwa ili damu itoke kwa wingi. Huu ni mfano wa kwanza katika makala haya wa jina linalozaa imani, na imani inayotafuta sheria ya kuegemea.

Kwa muhtasari, singe zinaweza kugawanywa katika makundi matatu kwa kuzingatia umbo:

(a) Singe ya ncha, isiyo na makali ya kukatia, yenye pande tatu au nne, au ya mviringo. Singe ya bunduki ya Kifaransa ya Lebel ya mwaka 1886 na ile ya bunduki ya Kirusi ya Mosin-Nagant ya mwaka 1891 zilikuwa na pande nne, na ukizikata kwa upana zinaonyesha umbo la msalaba.

(b) Singe ya bapa, yenye makali kama kisu au upanga, inayoweza pia kutumika ikiwa mkononi.

(c) Singe ya bapa yenye meno ya msumeno mgongoni, iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya vikosi vya wahandisi waliohitaji kukata miti na matawi.

Madai yanayochunguzwa yanahusu kundi (a) na kundi (c).

3.0 Sheria Inavyosema

3.1 Kanuni ya jumla

Chanzo cha kanuni inayohusika ni Azimio la St. Petersburg la mwaka 1868. Azimio hilo lilikataza risasi zinazolipuka zenye uzito chini ya gramu 400, lakini utangulizi wake ulikwenda mbali zaidi. Ulieleza kwamba lengo pekee halali la vita ni kudhoofisha nguvu za kijeshi za adui, kwamba inatosha kuwaondoa wapiganaji wengi iwezekanavyo katika mapigano, na kwamba lengo hilo hupitwa na silaha zinazozidisha bila faida mateso ya watu ambao tayari hawajiwezi, au zinazofanya kifo chao kisiepukike.

Wazo hilo lilifupishwa katika Azimio la Brussels la mwaka 1874 kwa kirai kimoja cha Kifaransa, "maux superflus". Azimio la Brussels halikupata nguvu ya sheria, lakini kirai chake kiliingia katika Ibara ya 23(e) ya Kanuni zilizoambatanishwa na Mkataba wa The Hague wa mwaka 1899, kikarudiwa mwaka 1907, na kikaingia tena katika Ibara ya 35(2) ya Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977. Mwaka 1996, katika maoni yake ya ushauri kuhusu silaha za nyuklia, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliihesabu kanuni hii kuwa moja kati ya kanuni kuu za sheria za vita.

3.2 Makatazo yanayotaja umbo

Sambamba na kanuni hiyo ya jumla, kuna makatazo mahususi. Mataifa yalipotaka kukataza umbo fulani la silaha, yalilieleza umbo hilo kwa maneno ya wazi. Azimio la The Hague la mwaka 1899 kuhusu risasi zinazopanuka mwilini lilitaja risasi ambazo ganda lake gumu halifuniki kiini chote au limechanjwa. Itifaki ya mwaka 1980 kuhusu vipande visivyoonekana kwa eksirei ilitaja sifa ya vipande hivyo. Itifaki ya mwaka 1995 kuhusu silaha za leza zinazopofusha macho nayo ilieleza kazi ya silaha inayoikataza.

Katika orodha hiyo ya makatazo mahususi, singe haimo. Mikataba minne ya Geneva ya 1949, ambayo ndiyo hutajwa na wengi, haishughulikii maumbo ya silaha. Inawalinda majeruhi na wagonjwa wa nchi kavu, majeruhi wa baharini, mateka wa vita, na raia. Kusema kwamba singe fulani "ilikatazwa Geneva" ni kulitwika jina la mji mmoja mzigo wa sheria zote za vita. Matumizi hayo ya jina la sehemu kwa maana ya kitu kizima ni ya kawaida katika lugha, na hayana ubaya katika mazungumzo. Ubaya huanza pale msemaji anapodhani kuwa jina hilo ni ushahidi.

4.0 Kirai Kimoja katika Lugha Tatu

Matini za 1899 na 1907 zilikuwa na lugha moja tu yenye mamlaka, yaani Kifaransa. Itifaki ya 1977, kwa mujibu wa Ibara yake ya 102, ina lugha sita zenye mamlaka sawa: Kiarabu, Kichina, Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kirusi. Ulinganisho wa tatu kati ya lugha hizo unatosha kuonyesha tatizo.

4.1 Nomino

Neno "maux" ni wingi wa neno la Kifaransa lenye maana pana: ubaya, dhara, maumivu, ugonjwa. Linabeba kwa pamoja kile kinachoonekana mwilini na kile kinachohisiwa na mtu. Kiingereza hakikuwa na neno moja lenye upana huo. Tafsiri ya mwaka 1899 ilichagua neno lenye maana ya jeraha, na ile ya mwaka 1907 ikachagua neno lenye maana ya mateso. Matini ya Kifaransa haikubadilika hapo, lakini msomaji wa Kiingereza alipata sheria mbili: moja inayoweza kupimwa na daktari, na nyingine inayotegemea hisia za aliyeumizwa. Mwaka 1977 matini ya Kiingereza iliyaweka maneno yote mawili pamoja, huku ya Kifaransa ikibaki na neno lake moja. Kiarabu kilifuata njia ya maneno mawili: "isabat", yaani majeraha, na "alam", yaani maumivu.

4.2 Kivumishi

Neno "superflus" linatokana na Kilatini na kwa asili lina maana ya kinachofurika. Picha iliyomo ndani yake ina manufaa kwa mchanganuzi, kwa sababu hakuna kinachofurika pasipo chombo. Madhara yanahesabiwa kuwa yamefurika kwa kulinganishwa na kitu kingine, na kitu hicho ni lengo la kijeshi lililotajwa mwaka 1868. Kiarabu kimetumia "la mubarrir laha", yaani yasiyo na cha kuyahalalisha. Hapa picha ya chombo imetoweka, lakini uhusiano umebaki: madhara yanadaiwa sababu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilifuata mkondo huohuo mwaka 1996 ilipoeleza kuwa mateso yasiyo na haja ni madhara makubwa kuliko yale yasiyoepukika katika kufikia malengo halali ya kijeshi.

Kwa hiyo kivumishi hiki si cha kipimo cha ukubwa bali cha uhusiano. Jeraha baya sana linaweza kuwa halijafurika, na jeraha dogo linaweza kuwa limefurika. Tofauti hii ndiyo inayopotea mara nyingi katika mijadala kuhusu singe.

4.3 Kiunganishi cha silaha na athari

Mwaka 1899 na 1907 Kifaransa kilitumia "propres à", yaani zenye kufaa au zenye kuelekea kuleta athari fulani. Tafsiri ya Kiingereza ya 1907 ilitumia neno "calculated". Katika Kiingereza cha wakati huo, neno hilo liliweza kuwa na maana ya kuelekea tu, bila kutaja nia ya mtu. Wasomaji wa baadaye walilielewa kwa maana ya kukusudia, na wakahitimisha kwamba silaha haikatazwi mpaka ithibitike kuwa mtengenezaji wake alinuia kutesa. Mwaka 1977 mkanganyiko huo uliondolewa, kwani Kifaransa kilichukua "de nature à" na Kiingereza kikarudia maneno yenye maana ileile, kwamba athari inatokana na tabia ya silaha yenyewe. Kiarabu, kwa kusema "min sha'niha", kinasema hivyohivyo.

Kanuni ya kufasiri matini za namna hii imewekwa katika Ibara ya 33 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1969 kuhusu sheria ya mikataba. Maneno ya mkataba huchukuliwa kuwa na maana moja katika kila matini yenye mamlaka. Tofauti ikijitokeza na ikashindikana kuondolewa kwa njia za kawaida, huchaguliwa maana inayozipatanisha vizuri zaidi kwa kuzingatia shabaha ya mkataba. Maana inayopatanisha matini tatu zilizojadiliwa hapa inaweza kuelezwa hivi: silaha inakatazwa ikiwa, kwa tabia yake, inaleta madhara au mateso ambayo hayaongezi chochote katika kumwondoa adui mapiganoni.

5.0 Singe katika Kipimo Hicho

5.1 Singe ya pembetatu na jamaa zake

Hoja ya jeraha lisiloshoneka inadhani kuwa hatari ya jeraha la kuchomwa iko katika umbo la mdomo wake. Hali haikuwa hivyo. Kinachoua ni kina cha jeraha, viungo vya ndani vilivyotobolewa, damu iliyopotea na uchafu ulioingia. Kabla ya njia za kuua vijidudu kuenea katika upasuaji kuanzia miaka ya 1860, mtu aliyetobolewa tumbo alikuwa na matumaini madogo, awe ametobolewa kwa pembetatu au kwa bapa. Kwa upande mwingine, upasuaji wa kijeshi umezoea kulipanua jeraha la vita, kuondoa nyama iliyokufa, kulisafisha, na kuliacha wazi kwa siku kadhaa kabla ya kulifunga. Mdomo wa awali wa jeraha, uwe na pembe tatu au mbili, hauamui sana matokeo.

Ikitumiwa kanuni ya uhusiano iliyoelezwa katika 4.2, swali huwa hili: je, singe ya ncha inaongeza madhara ambayo singe ya bapa haileti, bila kuongeza faida ya kijeshi? Jibu ni hapana. Faida yake ya wepesi na ugumu iko wazi, na madhara yake hayazidi ya bapa lenye urefu uleule.

Mwenendo wa mataifa unathibitisha jibu hilo. Urusi, iliyoitisha mkutano wa St. Petersburg, ilitengeneza singe yake ya pande nne baada ya mkutano huo, na jeshi la Kisovieti liliendelea kuitumia hadi Vita vya Pili vya Dunia. Bunduki fupi ya Kisovieti ya mwaka 1944 ilikuwa na singe ya pande nne inayokunjwa. Uingereza nayo ilitoa singe ya ncha kwa bunduki yake Namba 4 katika vita hivyohivyo. Baada ya 1949 China ilitengeneza bunduki za Aina ya 56 zenye singe ya ncha inayokunjwa, na bunduki hizo zilifika katika nchi nyingi za Afrika. Iwapo umbo hilo lingekuwa limekatazwa, ingetarajiwa kwamba mataifa hayo yangelaumiwa kwa kuvunja sheria. Singe ya pembetatu ilitoweka kwa sababu askari wa karne ya 20 alihitaji kisu cha kufanyia kazi nyingi, ilhali ncha tupu haikati kamba wala haifungui kopo.

5.2 Singe yenye meno ya msumeno

Hapa suala ni gumu zaidi, na halistahili jibu la haraka. Meno yaliyo mgongoni hayasaidii kuchoma. Yanaweza kuchana nyama wakati singe inapochomolewa, na kumchana zaidi mtu aliyekwisha kuchomwa hakuongezi lolote katika kumwondoa mapiganoni. Kwa kipimo cha 1868, haya ndiyo hasa madhara yanayozidishwa bila faida.

Kwa upande mwingine, meno hayo yaliwekwa kwa kazi ya mbao. Hapa ndipo tofauti kati ya "kukusudiwa" na "tabia" inapokuwa na uzito. Anayesoma sheria kwa kigezo cha nia atasema kuwa msumeno ni chombo cha seremala, na hivyo singe hiyo ni halali. Anayesoma kwa kigezo cha tabia atauliza kinachotokea mwilini, na hapo jibu linaweza kuwa kinyume.

Utafiti wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu kuhusu sheria ya kimila, uliochapishwa mwaka 2005, unazitaja singe zenye meno ya msumeno, pamoja na mikuki yenye kulabu, miongoni mwa silaha ambazo katika mwenendo wa mataifa zimetolewa kuwa mfano wa kuleta mateso yasiyo na haja. Utafiti huohuo unatahadharisha kwamba hakuna muafaka wa kutosha kuhusu kila mfano uliomo katika orodha. Aidha, singe ya bunduki ya AKM ya Kisovieti na singe ya M9 ya Marekani, iliyoanza kutumika katika miaka ya 1980, zote zina meno mgongoni. Nchi zilizozitoa kwa askari wake zimezihesabu kuwa vifaa vya kukatia. Mkataba wa Roma wa mwaka 1998 unaitaja kanuni ya jumla miongoni mwa makosa ya vita, lakini kwa sharti kwamba silaha inayohusika iwe imeorodheshwa katika kiambatisho, na mkataba ulipopitishwa kiambatisho hicho hakikuandikwa.

Hitimisho linaloweza kutetewa ni la katikati. Hakuna mkataba unaokataza meno ya msumeno kwa kuyataja. Kanuni ya jumla inaikataza singe ambayo meno yake hayana kazi nyingine isipokuwa kuzidisha jeraha, na inailazimisha nchi inayodai kuwa meno ni ya mbao ionyeshe kuwa yanakata mbao kweli. Ibara ya 36 ya Itifaki ya 1977 inaitaka nchi ifanye uchunguzi wa namna hiyo kabla ya kupokea silaha mpya.

5.3 Gharama ya sheria ya uvumi

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia singe za Kijerumani zenye meno zilitolewa na wapinzani wao kuwa ushahidi wa ukatili. Kuanzia mwaka 1917 Ujerumani ilianza kuziondoa mikononi mwa askari, na nyingi zilisagwa meno. Riwaya ya Erich Maria Remarque iliyotoka kitabuni mwaka 1929, "Im Westen nichts Neues", inawaonyesha askari wazoefu wakikagua singe za kikosi chao na kuziondoa zenye meno, kwa kuwa aliyekamatwa nazo aliuawa papo hapo. Riwaya si kumbukumbu ya mahakama. Hata hivyo, mwandishi wake alikuwa askari wa vita hivyo, na simulizi yake inaonyesha imani iliyokuwako miongoni mwa wapiganaji.

Jambo la kuzingatiwa ni kwamba Ibara ya 23(c) ya Kanuni za The Hague, iliyo mistari michache tu juu ya kirai kinachojadiliwa hapa, inakataza bila shaka yoyote kumuua au kumjeruhi adui aliyesalimu amri. Aliyemuua mateka kwa sababu ya meno ya singe yake alidhani anatekeleza sheria, kumbe alikuwa anaivunja sheria iliyo wazi kwa kutetea sheria isiyoandikwa. Ndiyo maana upotoshaji wa maana katika uwanja huu hauwezi kuhesabiwa kuwa kosa dogo la lugha.

6.0 Kirai hicho katika Kiswahili

Mfasiri wa Kiswahili anakabiliwa na maamuzi matatu yanayolingana na vipengele vilivyojadiliwa katika sehemu ya 4.0. Sentensi zifuatazo zimetungwa ili kuonyesha matokeo ya uchaguzi tofauti:

(1) Ni marufuku kutumia silaha zinazosababisha maumivu yasiyo ya lazima.

(2) Ni marufuku kutumia silaha zilizokusudiwa kusababisha mateso yasiyo ya lazima.

(3) Ni marufuku kutumia silaha zenye umbo la kusababisha majeraha ya kupita kiasi.

(4) Ni marufuku kutumia silaha ambazo kwa tabia zake husababisha madhara yaliyozidi haja au mateso yasiyo na haja.

Sentensi ya (1) ni nyepesi na ndiyo humjia msemaji kwanza. Upungufu wake uko katika neno "lazima", ambalo halisemi lazima kwa nani wala kwa lengo gani. Askari anaweza kujibu kwamba vitani hakuna maumivu yaliyo ya lazima, hivyo silaha zote ni haramu. Anaweza pia kujibu kwamba vita vyenyewe ni lazima, hivyo zote ni halali. Aidha, "maumivu" ni hisia tu. Silaha inayopofusha bila kuumiza ingepona katika sheria hii.

Sentensi ya (2) inarudisha kosa la mwaka 1907 kwa kulitia katika kitenzi "kukusudia". Zaidi ya hayo, neno "mateso" likisimama peke yake humpeleka msikilizaji kwenye utesaji wa mateka, kwa kuwa kitenzi "tesa" humdai mtendaji. Utesaji umekatazwa na ibara nyingine, na si vyema makatazo hayo mawili yakachanganywa.

Sentensi ya (3) ina hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu inaonekana sahihi. Neno "umbo" linaifanya sheria iwe ya maumbo, na hapo ndipo imani ya singe ya pembetatu inapopata makao. "Kupita kiasi" nako kunageuza uhusiano kuwa ukubwa. Msikilizaji atauliza jeraha lina upana gani, badala ya kuuliza lina kazi gani.

Sentensi ya (4) ni ndefu, lakini inabeba vipengele vyote. "Madhara" yana upana unaokaribia ule wa "maux", na "mateso" yakiwa pembeni yake hupata maana ya hali ya aliyeumizwa badala ya tendo la mtesaji. "Tabia" hutumika kwa vitu pia, kama inavyosemwa tabia ya chuma au tabia ya nchi, na haitaji nia. "Haja" hubeba uhusiano na lengo, kwani haja ni haja ya jambo fulani. Inaweza kupingwa kuwa neno hilo lina matumizi ya tasifida katika mazungumzo ya kila siku. Pingamizi hilo si zito, kwa kuwa muktadha wa sheria huondoa utata, na neno hilohilo hutumika bila shida katika kirai "hakuna haja". Pale ambapo maelezo ya mafunzo yanaruhusu, neno "kijeshi" linaweza kuongezwa, yaani "haja ya kijeshi", ili kipimo kionekane. Katika tafsiri rasmi nyongeza hiyo isiingizwe ndani ya ibara, kwa sababu matini chasili haina neno hilo. Mahali pake ni katika ufafanuzi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha mambo matatu. Kwanza, hakuna umbo la singe lililokatazwa kwa kutajwa katika mkataba wa sheria za vita. Singe ya pembetatu haijakatazwa hata kwa kanuni ya jumla, na singe yenye meno ya msumeno iko katika eneo la mabishano ambayo ni ya kweli. Pili, mabishano hayo yanatokana kwa kiasi kikubwa na maana ya kirai kimoja kilichopokelewa kwa namna tofauti katika lugha mbalimbali. Tatu, Kiswahili kina msamiati unaotosha kukieleza kirai hicho, mradi mfasiri asiridhike na visawe vinavyomjia kwanza.

Kazi inayobaki ni ya wanaisimu na wanasheria kwa pamoja, yaani kuzipitia ibara nyingine za sheria hizo kwa njia hiyohiyo, kwanza zile zinazomhusu adui aliyeweka silaha chini. Singe yoyote, ya bapa au ya ncha, yenye meno au isiyo nayo, ni haramu inapochomwa katika mwili wa mtu aliyekwisha kusalimu amri. Askari anayefundishwa sheria kwa Kiswahili anastahili kulisikia hilo kabla ya kusikia lolote kuhusu pembetatu.